Zile Dakika Arobaini Nilizowadanganya

Wasee wangu, leo hakuna vichekesho. Leo nakiri.

Kama umekuwa ukinifuata tangu mwaka jana, ile video ya mashine unaikumbuka. Inaanza na Mjomba ameinama juu ya ubao, patasi mkono mmoja, nyundo mkono wa pili, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu. Nikaandika hapo juu: "Siku tatu." Halafu picha inakatika, inaingia mashine inanguruma, ua linatokea kwenye mbao kama linajichora lenyewe, muziki unapanda. Nikaandika: "Dakika arobaini." Basi. Mkaipenda sana, kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka.

Chini yake mtu akaandika, "Mzee sasa apumzike." Mwingine akasema patasi zipelekwe makumbusho. Nikacheka. Nikaweka moyo kwa zote mbili.

Wiki haijaisha, mteja mmoja anayejenga kule Mwatate akaingia karakana ameshika simu mkononi. Alikuwa ameagiza milango miwili ya kuchongwa, kila mlango paneli nne, bei walikuwa wamekubaliana na Mjomba tangu mwanzo. Akamwonyesha ile video. "Fundi, kumbe ni dakika arobaini? Mbona basi unilipishe bei ya siku tatu?"

Mjomba hakumjibu. Alinigeukia mimi, akaniangalia tu.

Maze, hiyo macho bado ninayo.

Sasa wacha niwaambie vile mambo yalikuwa kwa kweli, kwa sababu nilikuwepo tangu siku ya kwanza na nilijua ninachokikata nilipokuwa nahariri.

Karakana ya Mjomba iko hapa Voi, banda la mabati, mbele kumejaa vitanda na stuli, na ukisimama mlangoni unauona mlima wa Sagalla vizuri. Amekuwa hapo tangu kabla sijazaliwa. Anafanya kazi na kijana mmoja wa miaka kumi na tisa ambaye kila mtu anamwita Dogo. Shida ni kwamba lori zinazopita barabara ya Mombasa zinashusha samani za kiwandani, zina nakshi tayari, na bei yake Mjomba hawezi kuifikia. Mtu anakuja, anapenda kazi ya mkono, anauliza bei, anasema "nitarudi." Harudi.

Mimi ndiye nilileta wazo la CNC. Nilikuwa nimetazama video usiku kucha. Mama akanisaidia kukopa kwenye chama chake, na hapo uelewe, mama amekuwa kwenye hicho chama miaka mingi na jina lake halijawahi kutajwa vibaya. Tukapata mashine ya mtumba Nairobi, ndogo, meza yake sentimita 60 kwa 90. Ilikuja kwa lori, ikashushwa Jumamosi, na mtaa mzima ukaja kuangalia.

Mjomba aliizunguka mara mbili. Akaniuliza, "Mama, hii kitu inajua mbao?"

Nikamwambia haina haja ya kujua mbao, inajua namba.

Yeye huniita mama tangu nikiwa mdogo kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nikikumbuka vile nilimjibu, naona aibu.

Kwa wale hawajawahi kuiona: CNC ni mashine ya kuchonga inayofuata namba. Mota iko juu, biti imefungwa chini yake, inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Mota imebebwa na daraja linalokwenda mbele na nyuma. Juu ya hilo daraja mota yenyewe inakwenda kushoto na kulia, halafu inapanda na kushuka. Mihimili mitatu: X, Y na Z. Unachora ua kwenye kompyuta, programu inageuza mchoro kuwa mistari ya herufi na namba. G0 inasema nenda haraka bila kukata. G1 inasema nenda kwa mstari mnyoofu, kwa kasi niliyokupa. M3 inawasha mota, M5 inaizima. Hakuna uchawi hapo. Ni kama kumtuma mtoto dukani: atakuletea ulichosema, si ulichokuwa unawaza.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko Mjomba. Kule Michigan, Marekani, miaka ya 1940, John Parsons alikuwa kwenye kazi ya kutengeneza mapanga ya helikopta, akaanza kutumia namba kupanga pointi za ule mkunjo wake badala ya kukisia kwa jicho. Mwaka wa 1952 watu wa chuo cha MIT wakaonyesha mashine inayosoma namba hizo kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Siku hizi mambo yamekuwa rahisi. Ubongo wa yetu ni Grbl, programu ya bure ambayo Mnorwe Simen Svale Skogsrud aliianzisha 2009. Ya bure kabisa. Kijana yeyote wa Voi mwenye laptopu na bando anaweza kuisoma leo bila kumlipa mtu.

Kwa hivyo nilijiona nimejipanga. Kwa graundi sasa.

Jambo la kwanza lilikuwa maji. Mota yetu inapozwa kwa maji: pampu ndogo ndani ya ndoo ya lita 20, maji yanapanda kwa mpira, yanazunguka motani, yanarudi ndooni. Mjomba aliposikia alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Hapa Voi? Sisi wenyewe tunanunua maji kwa mkokoteni, sasa na mashine nayo inakunywa?" Chemchemi za Mzima ziko Tsavo West, ndani ya kaunti yetu, na bomba lake linapeleka maji mpaka Mombasa. Kama umezaliwa Taita Taveta, utani huo unauelewa bila kuelezwa. Tukatumia maji yasiyo na chumvi, yale ya kuweka kwenye betri ya gari, ili mirija isizibe. Lakini kufika saa saba mchana na joto letu, ile ndoo ilikuwa vuguvugu ya kuogea.

Jambo la pili lilikuwa umeme. Jirani yetu anachomelea vyuma. Kila akigusa chuma, taa zetu zinapepesa, na mara mbili mashine ilijizima katikati ya kazi, ikasahau iko wapi. Mashine ikipoteza pahali ilipo, kazi imeharibika. Mimi nikaanza kutafuta vifaa vya kuzuia hilo mtandaoni, nikakuta bei yake ni ya kulia. Mjomba akachukua chupa ya chai na vikombe viwili, akaenda kwa jirani. Alirudi na makubaliano: sisi tutachonga alfajiri mpaka saa tatu, jirani ataanza kuchomelea baadaye. Shida ya umeme ikaisha, na ya ndoo kuchemka pia, kwa sababu alfajiri hakuna jua. Gharama yake ilikuwa majani ya chai.

Hapo bado sikuwa nimejifunza kitu. Nilidhani ni bahati.

Paneli ya kwanza ilitoka imepinda. Si mbao iliyopinda, ni umbo lenyewe. Nilichora mstatili, sentimita 28 kwa 50, ukatoka kama umesukumwa upande. Nikarudi kwenye faili. Nikachora upya. Nikapakua programu nyingine. Siku mbili nilikuwa nimeinamia kioo na Dogo amekaa tu pembeni, maana nilikuwa nimemwambia asiguse.

Mjomba akaniuliza kama mashine inaweza kutoboa matundu matatu. Nikamwambia hiyo ni rahisi. "Basi toboa moja hapa. La pili liende milimita 300 upande huu. La tatu, kutoka lile la kwanza, liende 400 upande ule." Nikaandika mistari michache, ikatoboa. Akatoa futi mfukoni, akapima kutoka tundu la pili mpaka la tatu.

"Mia tano na tatu," akasema. "Ingekuwa mia tano kamili. Faili yako haina shida, mama. Mashine yako haiko skwea."

Tatu, nne, tano. Kila mtu aliyefanya hesabu za shule anaijua hiyo pembetatu. Mimi niliifanya kwenye mtihani na nikapata alama zote. Haikunijia kabisa kwamba ni kitu cha kutumia. Mjomba aliacha shule darasa la saba, na anaitumia kila siku kuangalia kama fremu ya mlango imekaa pembe mraba. Tukalegeza bolti za lile daraja, tukalisukuma kidogo kidogo, tukitoboa na kupima, mpaka ikasoma 500. Ilichukua asubuhi nzima. Halafu akaweka pimamaji juu ya meza, akatia vipande vyembamba vya bati chini ya miguu miwili, kwa sababu sakafu yetu nayo si ya hoteli.

Siku iliyofuata nikaweka ubao wa mgrevilea. Kwa kuogopa kuvunja biti, nikaipa mashine mwendo wa polepole kabisa. Nilidhani pole pole ndio salama. Baada ya dakika kumi kukawa na harufu ya moshi. Ukingo wa ua ukawa mweusi, na biti ikabadilika rangi ikawa ya buluu. Biti mpya, wasee. Pesa ya chama.

Mjomba hakuangalia kompyuta hata kidogo. Aliokota kile kilichokuwa kimeanguka chini, akakisugua kwa vidole. "Huu ni unga," akasema. "Randa ikikata vizuri inatoa maranda. Ikitoa unga, kisu hakikati, kinasugua. Na kinachosugua kinachoma."

Nilipokwenda kupiga hesabu, ndipo nikaelewa. Mota ilikuwa inazunguka mara 18,000 kwa dakika, biti ina meno mawili, na mimi nimeiambia itembee milimita 600 kwa dakika. Gawanya mwenyewe: kila jino linakula chini ya milimita 0.02. Hiyo si kukata, ni kupiga msasa kwa moto. Nikapandisha mwendo mpaka 3,000, kila jino likapata kama milimita 0.08, na hapo hapo sauti ikabadilika, maranda madogo yakaanza kuruka, biti ikabaki ya kawaida hata ukiigusa baada ya mota kusimama. Namba zote hizo zilikuwa kwenye video nilizotazama. Mjomba alizipata kwa vidole viwili.

Tangu siku hiyo nilianza kumuuliza kabla ya kubonyeza.

La mwisho ndilo lililotuchukua muda mrefu. Mbao za ule mlango wa Mwatate zilitoka Wundanyi, juu milimani, zaidi ya mita 1,300. Kule ni baridi na ukungu. Voi tuko chini ya mita 600, na upepo wetu unakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mimi nilitaka kuchonga siku hiyo hiyo zilipofika. Mjomba akakataa. "Mbao ya Wundanyi ikishuka Voi, lazima ilale kwanza." Akazipanga juu ya vijiti, moja juu ya nyingine, hewa ipite katikati, mbali na jua. Wiki tatu.

Nilimwona anachelewesha kwa makusudi. Nilifikiri hataki mashine ifanye kazi. Kwa siri nikachukua ubao mmoja nikauchonga. Ulitoka mzuri ajabu. Nikauweka ofisini, yaani pale kwenye meza yenye kikokotoo. Baada ya siku nne ulikuwa umejikunja kama jongoo aliyeguswa, na ua langu limepasuka katikati.

Mbao hainenepi wala haipungui sana kwa urefu wake, inafanya hivyo kwa upana, kuvuka nyuzi. Ikitoka kwenye unyevu ikaja kwenye ukavu inatema maji na kusinyaa. Usipoipa nafasi isinyae ikiwa bado ubao, itasinyaa ikiwa mlango wa mtu. Ndio maana pia Mjomba aliniambia nipunguze paneli, isibane kwenye mfereji wa fremu, ibaki milimita tatu kila upande na isitiwe gundi. Mchoro wangu ulikuwa umekaza kila kitu kisibaki hata pengo la uzi. Kwenye kompyuta ulipendeza. Mvua za Novemba zikija paneli ingevimba, ikose pa kwenda, ipasue fremu. "Iache ipumue," akasema. Nikabadilisha mchoro.

Ubao niliouharibu niliuficha chini ya gunia. Dogo aliuona, hakusema.

Sasa, ile video. Paneli mliyoiona ikitoka kwa "dakika arobaini" ilikuwa ya kwanza kukubalika, na ilikuja wiki ya tano. Ndani ya hizo wiki tano kuna mbao kulala, kuna kupiga randa mpaka ubao uwe na unene mmoja kila mahali, kuna jioni mbili za kuchora, kuna chai ya jirani. Na kuna kitu kimoja nilikikata kabisa, kwa mkono wangu, nikijua.

Biti ni ya mviringo. Kitu cha mviringo hakiwezi kukata pembe kali ya ndani. Pale majani ya ua yanapokutana, pale panatakiwa kuwa na ncha, mashine inaacha duara dogo, kama kazi ya mtu aliyechoka. Mashine iliponyamaza, Mjomba alikaa na ile paneli karibu saa mbili. Akaingia kila pembe kwa patasi nyembamba, akainua kila ncha, halafu msasa. Lile ua mlilolisifia, ile sehemu inayofanya macho yasimame, ni patasi. Ndio patasi ile ile mtu alisema ipelekwe makumbusho, na mimi nikamwekea moyo.

Nilikuwa na picha za hizo saa mbili. Zilikuwa nzuri. Nilizitoa kwa sababu zingeharibu hesabu yangu ya dakika arobaini.

Sikudanganya kwa kusema uongo, kila nilichoonyesha kilitokea. Nilidanganya kwa pale nilipokata. Na uongo huo ulikuwa na bei, na bei haikunifikia mimi. Ilimfikia mtu aliyenifundisha, na kupitia kwake ingemfikia Dogo, ambaye mshahara wake unatoka kwenye hiyo milango, na ingemfikia mama, ambaye jina lake liko kwenye daftari la chama.

Yule mteja alipoondoka akisema atafikiria, nilitegemea Mjomba anifokee. Hakunifokea. Alisema tu, "Sasa mimi nimekuwa mtu wa kubonyeza?" Akarudi kunoa.

Usiku huo nilichukua karatasi nikaandika kila kitu, kazi kwa kazi, kwa paneli moja. Kuchagua mbao. Kulaza. Kupiga randa. Kuchora. Kufunga ubao mezani na kuweka sifuri, yaani kuiambia mashine kazi inaanzia wapi. Kuchonga: dakika 40. Patasi. Msasa. Vanishi, mkono wa kwanza, kukauka, mkono wa pili. Zile dakika arobaini zilikuwa mstari mmoja katikati ya ukurasa, hazionekani hata.

Tukampelekea mteja pamoja, mimi na Mjomba, kwa matatu ya Mwatate. Nikamwomba radhi mbele ya Mjomba, nikamweleza vile video ilivyotengenezwa, nikampa karatasi. Akaisoma pole pole. Akauliza habari ya kulaza mbao, maana nyumbani kwake ana mlango uliopasuka na hakuwahi kujua kwa nini. Mjomba akamweleza, wakaenda kuuangalia, wakakaa huko mbele ya huo mlango muda mrefu kuliko tulivyokaa kwa bei.

Tulimpunguzia kidogo. Lazima niseme na hilo, kwa sababu nikisema mashine haijabadilisha chochote nitakuwa nawadanganya mara ya pili. Mashine imeokoa kazi. Kile kipande kigumu cha kutoa mbao, kile kilichokuwa kinamuumiza Mjomba mgongo, sasa kinafanywa alfajiri yeye akinywa chai. Si haki mteja asipate hata shilingi ya hapo. Lakini pia si haki mteja achukue yote. Tumekubaliana karakanani hivi: sehemu ya kilichookolewa inaenda chama mpaka deni liishe, sehemu inaenda kwa Dogo, ambaye sasa anajifunza kuchora kwa kompyuta asubuhi na kunoa patasi jioni. Sijui mtu mwingine Voi anayejifunza vyote viwili kwa pamoja. Akimaliza, huyo ndiye wa kuogopwa.

Maoni yangu basi, kwa sababu mmezoea nitoe maoni.

Sisi vijana tunapenda sana kuonyesha mashine imemshinda mzee. Inavutia, inaeleweka haraka, haihitaji maneno. Lakini ukiangalia vizuri, mara nyingi mashine haijamshinda mtu. Sisi wenye kamera ndio tumemtoa kwenye picha. Na mtu akishatolewa kwenye picha, mteja naye anamtoa kwenye bei. Hizo hatua mbili zimekaribiana kuliko nilivyofikiria.

Kule Lamu bado kuna mafundi wanaochonga milango kwa patasi na nyundo, na Mji Mkongwe wa Lamu umekuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha hiyo milango. Hakuna anayesimama mbele yake akauliza imechukua dakika ngapi. Wanaona mkono wa mtu, wanaelewa wanacholipia. Sisi huku bara tukichonga ua hilo hilo, ni juu yetu kumwonyesha mteja huo mkono uko wapi, hasa sasa ambapo mashine inaufunika.

Kama wewe uko na mzee wa kazi nyumbani, mshonaji, mfua vyuma, seremala, na unataka kumletea teknolojia, mletee. Usiogope. Voi inahitaji hizo mashine, na wale wanafunzi wa uhandisi pale Chuo Kikuu cha Taita Taveta wanaweza kuwa nazo karakanani kwetu wakisoma na sisi tukisoma kwao. Ila kabla hujawasha, mpe futi apime. Mwulize mbao imetoka wapi. Mwache anuse. Na ukiwasha, usiiache peke yake, mtu asimame hapo na barakoa na vizuia masikio, kwa sababu biti ikianza kusugua badala ya kukata, kati ya unga na moto ni dakika chache tu.

Milango ile miwili ilifungwa Mwatate. Siku ya kufunga, paneli ziliingia kwenye fremu bila kugongwa, na Mjomba alizitikisa moja moja kwa kidole kuhakikisha zinacheza kidogo. Mwenye nyumba akashtuka, akidhani zimelegea. Mjomba akacheka akamwambia, "Subiri Novemba."

Ile video ya zamani nimeiacha, sijaifuta, lakini nimeweka maneno juu yake yanayowaleta hapa. Mpya inatoka Ijumaa. Ni ndefu, dakika kumi na mbili, na mashine inaonekana mara moja tu. Mjomba amekubali kuongea, kwa sharti moja: nisiweke muziki. Anataka msikie patasi.